Shule moja ya biashara, milango miwili: shahada ya kwanza au MBA?

Barua nyingi za wasomaji zimekuwa zikirudi kwenye jambo lilelile. Chuo kikuu kimoja kina shule ya biashara inayofundisha shahada ya kwanza, na pia MBA, yaani shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara. Msomaji aingilie wapi, na lini? Tumechagua barua saba. Tumezifupisha, lakini maana yake hatukuigusa.

Shikamooni wahariri. Nimemaliza sekondari na nimepata nafasi kwenye chuo kikuu ambacho MBA yake inasifiwa sana. Naweza kusoma biashara tangu shahada ya kwanza, au nisome uhandisi hapohapo kisha nirudi baadaye kwa MBA. Nataka siku moja niongoze kampuni. Nifuate njia ipi?

Marahaba, mwanetu. Wengi hudhani hiyo ni ngazi moja yenye vidato viwili, cha chini na cha juu. Jina ni moja, jengo huenda ni moja, na baadhi ya walimu ni walewale, lakini masomo hayo mawili yametengenezewa watu tofauti. Shahada ya kwanza ya biashara inampokea mtu asiyewahi kuajiriwa, inamfundisha lugha ya kazi, na inampeleka kwenye kazi ya kuanzia. MBA inampokea mtu aliyekwisha fanya kazi, mara nyingi miaka mitatu hadi sita, na kumsaidia apande au ahamie fani nyingine.

Milango hiyo haikufunguliwa pamoja. Wharton ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania ilianza mwaka 1881, na wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wa shahada ya kwanza. Tuck ya Dartmouth ilianzishwa mwaka 1900 kama shule ya uzamili. Harvard ilianza kufundisha MBA mwaka 1908. Hadi leo shule za biashara za Harvard, Stanford na Dartmouth hazitoi shahada ya kwanza ya biashara, kwa hiyo anayesoma shahada ya kwanza huko husoma uchumi, hisabati, historia au fani nyingine. Swali lako linazaliwa kwenye vyuo vyenye milango yote miwili, kama Wharton, Stern ya New York, Ross ya Michigan au Sloan ya MIT.

Fungua sasa orodha ya kozi za lazima za pande zote mbili, uziweke sambamba. Shahada ya kwanza: uhasibu, fedha, masoko, takwimu, usimamizi wa uzalishaji, tabia za watu kazini, mkakati. MBA: karibu orodha ileile. Kinachobadilika ni mwendo na aina ya swali. Chukua mfano mdogo. Mtu anakuahidi shilingi 1,000 baada ya miaka mitatu, na kiwango cha riba ni asilimia 10 kwa mwaka. Ahadi hiyo ina thamani gani leo? Unagawanya 1,000 kwa 1.1 mara tatu, unapata takriban 751. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza hufanya mazoezi ya namna hii kwa wiki kadhaa hadi mkono uzoee. Darasa la MBA hupita hapo kwa kipindi kimoja au viwili, kisha mwalimu anauliza: kwa nini asilimia 10? Ukiweka 7, thamani inapanda hadi 816. Ukiweka 14, inashuka hadi 675. Nani ndani ya kampuni amechagua hiyo 10, na ananufaika vipi mradi ukionekana wa faida? Aliyewahi kukaa kwenye kikao cha bajeti ana la kusema. Aliyetoka moja kwa moja kwenye mtihani hana.

Sasa uamuzi. Ukihitaji kuajiriwa mara tu ukimaliza, na moyo wako uko kwenye uhasibu, fedha au masoko, soma biashara sasa, uisome vizuri, na usijiwekee MBA kama deni ambalo lazima ulilipe baadaye. Wengi wenye shahada nzuri ya kwanza ya biashara hawaihitaji kamwe. Ukipenda uhandisi na hesabu zake unaziweza, soma uhandisi, na katika kozi za hiari weka nne hizi: uhasibu wa utangulizi, uchumi wa ngazi ya kampuni na mlaji, takwimu, na fedha za kampuni. Zitakutosha kuelewana na watu wa biashara kazini, na ukirudi kwa MBA utakutana na mambo mapya. Njia tunayoiona ghali kuliko faida yake ni kusoma biashara kwenye shule hiyo na kuirudia MBA hapohapo: walimu wale, mtandao wa wahitimu uleule, na sehemu ya masomo uliyokwisha yalipia.

Kabla hujakubali nafasi yako, soma barua ya udahili taratibu. Kupokewa na chuo kikuu si lazima kuwe kupokewa na shule ya biashara. Kwenye baadhi ya vyuo mwanafunzi huomba kuingia shule hiyo mwishoni mwa mwaka wa kwanza au wa pili, baada ya kufaulu kozi za hisabati, uchumi, takwimu na uhasibu. Uliza ofisi ya udahili, kwa maandishi: waombaji wa ndani wangapi kati ya mia hupokelewa, wastani wao wa alama ni upi, na anayekataliwa anabaki kwenye fani gani. Anayeuliza mapema huwa na fani ya pili anayoipenda mkononi. Asiyeuliza hugundua mwaka wa pili kwamba mlango umefungwa na krediti zake, yaani vipimo vya masomo aliyokwisha faulu, hazimfikishi popote kwa haraka.

Niko mwaka wa mwisho, shahada ya kwanza ya biashara. Mkuu wa idara amenihimiza niendelee na MBA hapahapa mara nikimaliza, "nisipoteze kasi". Alama zangu ni nzuri. Niendelee?

Ndugu yetu, tungekushauri usiendelee mwaka huu. Alama zako haziyatatui matatizo mawili yaliyo mbele yako.

La kwanza ni la darasani. Kozi nyingi za MBA hufundishwa kwa visa vya kampuni: unasoma kurasa 15 usiku, na asubuhi mwalimu anamtaka mtu aanze. Uchangiaji hupewa alama, na kwenye baadhi ya kozi hufika nusu ya alama zote. Darasa linategemea kila mmoja alete alichokiona kazini: muuguzi aliyesimamia wodi, mhandisi aliyechelewesha mradi, mkaguzi wa hesabu aliyekuta stakabadhi hazilingani. Ndiyo maana AMBA, chama kinachotoa ithibati kwa programu za uzamili za biashara, hutaka wanafunzi wa MBA wawe wamefanya kazi angalau miaka mitatu kabla ya kuanza. Ikiwa MBA ya chuo chako inawapokea watu wasio na kazi yoyote kwa wingi, jiulize utajadiliana na nani humo.

La pili ni la ajira. Waajiri wanaokuja kuchukua watu wa MBA wanatafuta mtu wa kusimamia kazi, mwenye rekodi nyuma yake. Ukiwa na miaka 23 na cheti cha MBA bila kazi, mwajiri mmoja atakuona ghali kwa nafasi ya kuanzia, na mwingine atakuona mchanga kwa nafasi ya usimamizi. Wengi huishia kupewa kazi ileile ambayo wangepewa na shahada ya kwanza, kwa mshahara uleule, wakiwa na deni juu.

Na hutaipata MBA ya pili kirahisi. Zipo shule ambazo hazimpokei mtu ambaye tayari ana MBA. Ukiitumia mapema, umeitumia.

Ukitaka kabisa kubaki shuleni, ziko shahada za uzamili zilizotengenezewa watu wasio na uzoefu, za miezi 10 hadi 24. Lakini chagua kwa uangalifu. Uzamili wa menejimenti wa jumla umewekwa hasa kwa waliosoma fani nyingine. Wewe mwenye shahada ya biashara utayaona mengi kwa mara ya pili. Tafuta wa fani moja: fedha, uchambuzi wa data, uhasibu, ugavi.

Njia nyingine tunaipenda zaidi kwa mtu wa alama zako. Shule kadhaa huwaruhusu wanafunzi wa mwaka wa mwisho kuomba MBA sasa na kuanza baadaye. Harvard huita mpango wake 2+2: ukikubaliwa, unafanya kazi miaka miwili hadi minne, kisha unaingia darasani. Stanford, Wharton, Columbia na Chicago Booth pia zina mipango ya aina hiyo. Yale ina Silver Scholars, na huo ni tofauti: unasoma mwaka wa kwanza wa MBA mara tu baada ya shahada ya kwanza, unakwenda kazini mwaka mmoja au zaidi, kisha unarudi kumalizia. Faida ya kuomba sasa ni ndogo lakini ya kweli: walimu watakaokuandikia barua za mapendekezo bado wanakukumbuka kwa sura, na hisabati bado iko kichwani.

Hata usipoomba popote, fanya mtihani wa kujiunga na MBA, GMAT au GRE, ukiwa bado na mazoea ya kusoma. GMAT ya sasa ina sehemu tatu za dakika 45 kila moja, maswali 64 kwa jumla, na alama zake huanzia 205 hadi 805. GRE huchukua chini kidogo ya saa mbili. Matokeo ya yote miwili hudumu miaka mitano. Ukifanya leo, ukafanya kazi miaka mitatu, bado yanafaa. Ukishindwa mara ya kwanza, GMAT inataka usubiri siku 16 na GRE siku 21, na yote miwili huruhusu majaribio yasiyozidi matano ndani ya miezi 12. Kwa hiyo usipange mtihani wa kwanza wiki tatu kabla ya mwisho wa kutuma maombi. Hapo huna nafasi ya kurekebisha.

Mimi ni mzazi. Binti yetu amepewa nafasi kwenye mpango wa miaka mitano: shahada ya kwanza na ya uzamili, chuo kilekile. Wanasema tutaokoa mwaka mzima wa ada. Ni kweli?

Huenda ni kweli, mzazi wetu, lakini akiba hiyo imejificha kwenye sehemu moja tu, na hapo ndipo pa kuchimba. Mpango wa namna hii hufanya kazi kwa kuhesabu kozi chache mara mbili. Binti anasoma, kwa mfano, kozi tatu au nne za uzamili akiwa mwaka wa nne, na zinahesabiwa kwenye shahada zote mbili. Shahada ya kwanza ya Marekani kwa kawaida ni krediti 120, na uzamili mfupi ni 30, jumla 150. Kozi nne za krediti tatu zikihesabiwa mara mbili, atalipia 138 badala ya 150. Ikiwa hakuna kozi inayohesabiwa mara mbili, mpango huo hauokoi krediti hata moja. Kinachobaki ni kuondolewa usumbufu wa kuomba upya, na huo mnaweza kuustahimili.

Ulizeni ofisi ya msajili mambo haya, na majibu yawe kwenye karatasi. Krediti ngapi zinahesabiwa mara mbili? Wastani gani wa alama unatakiwa mwaka wa tatu ili aendelee, na akipungukiwa kidogo anapoteza nini? Je, akiamua kusimama baada ya mwaka wa nne, atapewa shahada ya kwanza, au kozi alizokwisha chukua za uzamili zitamwacha na pengo? Kwenye baadhi ya mipango shahada zote mbili hutolewa pamoja mwishoni, na anayekatisha mwaka wa tano hukuta hana hata moja hadi amalizie kozi fulani.

Swali linalosahaulika ni hili: ni siku gani hasa anaacha kuhesabiwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza? Ufadhili mwingi umefungwa kwenye hadhi hiyo. Ruzuku ya serikali ya Marekani iitwayo Pell, kwa mfano, kwa kawaida ni ya wanafunzi ambao bado hawajapata shahada ya kwanza. Chuo kikimhamishia uzamili mwanzoni mwa mwaka wa tano, msaada unakatika na ada inaweza kubadilika siku hiyohiyo. Familia hupiga hesabu ya mwaka wa tano kwa viwango vya mwaka wa nne, kisha bili inakuja tofauti.

Kwa uhasibu, mwaka wa tano una maana maalumu: leseni ya uhasibu ya Marekani iitwayo CPA kwa miaka mingi imekuwa ikitaka krediti 150, ndiyo maana uzamili wa uhasibu wa mwaka mmoja umeenea. Majimbo kadhaa yameanza kukubali njia nyingine zenye kazi zaidi na krediti pungufu, basi angalieni kanuni ya jimbo atakaloombea leseni. Kwa fani nyingine, na hasa ikiwa shahada ya pili inaitwa MBA, rudini kwenye jibu lililotangulia.

Nina miaka 31, nimesoma uuguzi na sasa nasimamia kitengo hospitalini. Sijui hata kusoma mizania. Je, nianze na shahada ya kwanza ya biashara kabla ya MBA?

Hapana, dada. MBA iliundwa kwa watu kama wewe. Shahada ya kwanza ya pili itakula miaka mitatu au minne, na mwajiri hataipa uzito wa kiasi hicho.

Unachohitaji ni maandalizi ya miezi mitatu au minne kabla ya darasa kuanza. Hesabu: asilimia, vipeo, logi, grafu za mstari, na utofautishaji wa msingi kidogo. Takwimu: wastani, mtawanyiko, na namna ya kusoma mstari wa makisio. Uhasibu: taarifa tatu, yaani mizania ya mali na madeni, taarifa ya mapato na matumizi, na taarifa ya mtiririko wa fedha taslimu. Chukua taarifa za mwaka za kampuni moja iliyosajiliwa soko la hisa na ufuate shilingi moja: mauzo ya mkopo yanaonekana kwenye mapato leo, yanakaa kwenye mizania kama wadaiwa, na yanaingia kwenye fedha taslimu siku mteja akilipa. Ukiweza kueleza kwa nini kampuni yenye faida inaweza kukosa fedha za mishahara, umevuka sehemu ngumu. Na lahajedwali, kama Excel: ijue vizuri kabla ya wiki ya kwanza, kwa sababu hakuna atakayekufundisha.

Shule nyingi zina kambi ya hesabu ya wiki moja hadi tatu kabla ya muhula. Iende, hata kama ni ya hiari.

Nafanya kazi na nataka kujua kwa hesabu kama MBA ya miaka miwili italipa. Marafiki wanalinganisha mshahara wa sasa na ule wa wahitimu, na inaonekana faida tupu.

Marafiki zako wanalinganisha vitu viwili visivyolingana. Tumia namba ndogo bila sarafu yoyote ili uone umbo lake. Tuseme mshahara wako wa mwaka, baada ya kodi, ni 10. Ada ya mwaka ni 12. Chakula na malazi hatuvihesabu, kwa kuwa ungevilipa popote, ila kama mji wa chuo ni ghali zaidi ongeza tofauti. Miaka miwili ya ada ni 24. Miaka miwili bila mshahara ni 20. Gharama yako ni 44, wala si 24. Hiyo 20 ndiyo ambayo watu huisahau, na kwa wengi inakaribia ada yenyewe.

Baada ya MBA unatarajia 16. Marafiki wanatoa 16 ondoa 10, wanapata 6 kwa mwaka, na kusema gharama itarudi baada ya miaka saba na kidogo. Lakini wewe usingebaki kwenye 10. Kama bila MBA ungefika 12 baada ya miaka hiyo miwili, nyongeza ya kweli ni 4 kwa mwaka, na 44 kugawanya kwa 4 ni miaka 11, kabla hujagusa riba ya mkopo. Ukipata ufadhili wa nusu ya ada, gharama inashuka hadi 32 na miaka inakuwa 8. Ukisoma jioni huku ukifanya kazi, ile 20 inatoweka kabisa: 24 kwa 4 ni miaka 6. MBA ya miezi 10, kama ya INSEAD, hupunguza mshahara unaopotea kuliko ile ya miaka miwili, lakini nafasi ya kujaribu fani mpya likizoni inabana. Anayetaka kuhama fani anaihitaji likizo ile ya miezi mitatu kati ya mwaka wa kwanza na wa pili kuliko kozi yoyote, maana waajiri wengi huajiri kutoka kwa waliofanya mafunzo kwa vitendo kwao.

Na ile 16 uipate kwenye taarifa ya ajira ya shule hiyohiyo, mshahara wa katikati, yaani ule ambao nusu ya wahitimu wako juu yake na nusu chini yake, kwa fani unayoitaka. Kwenye wastani, wachache wanaolipwa sana huvuta namba juu. Tazama pia asilimia ya waliotoa taarifa. Shule ikionyesha mishahara ya nusu tu ya darasa, nusu iliyonyamaza ina sababu.

Swali moja la msamaha wa kozi, kwa wenye shahada ya biashara: uliza kama ukisamehewa kozi ya uhasibu krediti zinapungua, au unalazimika kujaza kozi nyingine mahali pake. Kupungua kunaokoa ada. Kujaza kunaokoa uchovu tu. Vyuo hutumia neno lilelile kwa yote mawili.

Nakwenda kusoma Marekani kama mwanafunzi wa kigeni. Nikipata shahada ya kwanza na uzamili kwenye chuo kilekile, inaathiri ruhusa ya kufanya kazi baadaye?

Kwa kanuni zilizopo, mwenye viza ya mwanafunzi, iitwayo F-1, hupata hadi miezi 12 ya kazi ya mafunzo iitwayo OPT kwa kila ngazi ya elimu. Shahada ya kwanza inakupa 12, na uzamili, hata kwenye chuo kilekile, unakupa 12 nyingine. Shahada ya pili ya ngazi ileile haikupi kitu kipya, na hiyo ni sababu nyingine ya kutorudia shahada ya kwanza. Ikiwa fani imeorodheshwa kuwa ya sayansi, teknolojia, uhandisi au hisabati, unaweza kuomba miezi 24 zaidi, na nyongeza hiyo hutolewa mara mbili tu maishani, ya pili ikiwa kwa ngazi ya juu zaidi.

Kinachoamua ni namba ya fani, iitwayo CIP, iliyoandikwa kwenye I-20, fomu ambayo chuo humpa mwanafunzi wa kigeni. Shule ya biashara moja inaweza kuwa na MBA ya jumla isiyo kwenye orodha na tawi la uchambuzi wa data lililomo, na mtu akajikuta upande usiofaa kwa sababu hakuuliza. Uliza namba kabla ya kujiandikisha. Jambo jingine: mafunzo ya kazi ukiwa bado masomoni, yaitwayo CPT, yakifika miezi 12 ya muda wote, yanafuta OPT ya ngazi hiyo. Miezi 11 haifuti. Hesabu siku zako mwenyewe.

Nilisoma shahada ya kwanza hapo. Nikiomba MBA hapohapo baada ya miaka minne kazini, watanipendelea? Na wasomaji wa maombi wanataka nini kutoka kwa mtu wa nyumbani?

Usitegemee upendeleo. Kamati ya udahili ya MBA kwa kawaida ni watu tofauti na wale wa shahada ya kwanza, na alama zako za zamani zinasomwa kama za mtu yeyote. Baadhi ya shule husamehe ada ya maombi au hutoa punguzo kwa wahitimu wao. Uliza, maana mara nyingi halitangazwi.

Swali watakalojiuliza wakisoma faili lako ni moja: kwa nini urudi hapa, na si kwingine? Ukijibu kwamba unakipenda chuo, umejibu la shahada ya kwanza. Jibu kwa mambo ya sasa: profesa wa fani unayoelekea, maabara ya kampuni changa, kozi mbili kwa majina yake na namba zake, na kitu ambacho hukukisoma mara ya kwanza kwa sababu hakikuwepo au hukukihitaji. Waonyeshe kwamba unajua utakachorudia na umejipanga kukiruka.

Barua za mapendekezo zitoke kazini. Profesa wako wa zamani anakufahamu kama mwanafunzi, na kamati inataka kumsikia msimamizi wako wa sasa akieleza jambo moja ulilolibeba, ukakosea wapi na ukarekebisha vipi. Mpe msimamizi huyo wiki sita, ukurasa mmoja wa kumkumbusha kazi mlizofanya pamoja, na tarehe ya mwisho ambayo ni siku kumi kabla ya ile ya kweli.

Usiache nakala ya matokeo iwe ya mwisho. Kwa kuwa ni chuo kilekile, waombaji hudhani ofisi ya MBA itaichukua yenyewe kutoka kwa msajili. Mara nyingi haiwezi. Mifumo ni miwili, na faili lisilo na nakala huwekwa kando hadi raundi inayofuata. Iombe wewe, ilipie, na hakikisha imeonekana kwenye ukurasa wako wa maombi kabla hujabonyeza kutuma.